Ukuta Uliosogezwa kwa Swali

"Nilikuuliza tu kama inawezekana."

"Dada, uliniambia nisogeze."

Walikuwa wamesimama pande mbili za ukuta wa jiko, rafiki yangu upande huu, mkandarasi upande ule, na mimi kwenye uwazi wa mlango ambao bado haukuwa na fremu. Nilikuwa nimeitwa kusuluhisha. Ukuta wenyewe haukuwa na kosa: umenyooka, lipu imekauka vizuri, kona zimekaa sawa. Ila haukuwa mahali ulipochorwa. Jiko lilikuwa limepanuka, chumba cha kulia kimebanwa, na mkandarasi alikuwa ameshika karatasi yenye hesabu za kubomoa, matofali, saruji, kuhamisha bomba la sinki na ujira wa vibarua.

Rafiki yangu hakukana kwamba alisema kitu. Alipita saiti jioni moja, akatazama, akauliza kama ule ukuta ungeweza kusogea kidogo. Mkandarasi akajibu kwamba hakuna lisilowezekana. Rafiki yangu akaaga, akaenda zake. Kesho yake mafundi wakaanza kubomoa.

Nilijaribu kumtafuta mwongo kati yao. Sikumpata.

Visa vya ujenzi tunavyosimuliana huwa na mwizi ndani yake: mtu kala malipo ya awali akazima simu, mtu kapunguza nondo akidhani zege litamfichia siri. Hiki hakikuwa na mwizi, na ndiyo maana kilinikaa kichwani kwa wiki nyingi.

## Karatasi ilikuwepo

Msidhani walikuwa hawana mkataba. Walikuwa nao, umesainiwa kila ukurasa, mashahidi wamo. Niliuomba nikausoma. Ulitaja bei ya jumla, awamu za malipo na muda wa kumaliza. Ulisema nyumba itajengwa kwa ubora na kwa kufuata ramani. Ulikuwa na kifungu kirefu, chenye hasira kidogo, kuhusu kitakachompata mkandarasi akitoroka na pesa.

Kila hofu ya mwenye nyumba ilikuwa imeandikwa, isipokuwa ile iliyotokea.

Hapakuwa na neno hata moja juu ya nani ana mamlaka ya kubadilisha kazi, anaibadilisha kwa njia gani, na bei ya mabadiliko inakubaliwa lini, kabla ya nyundo kugusa ukuta au baada.

Mabadiliko yenyewe si dhambi. Watu wachache wanaweza kusoma ramani na kuiona nyumba. Wengi wetu tunaiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza kuta zikifika usawa wa madirisha, na hapo ndipo mawazo yanapofumuka: dirisha hili mbona dogo, mlango huu mbona unatazama choo. Mwenye nyumba asiyebadilisha chochote tangu msingi hadi rangi, binafsi sijakutana naye.

Shida ni kwamba bei ya wazo inategemea wazo limekuja lini. Likija ramani ikiwa mezani, ni mstari wa kufuta na kuchora upya. Likija baada ya msingi kumwagwa, lazima mtu aulize ukuta mpya utasimama juu ya nini. Likija baada ya linta, ile boriti ya zege juu ya madirisha na milango, na zege la juu, anahitajika mhandisi aseme kama ukuta huo unabeba uzito au unagawa vyumba tu. Likija baada ya lipu, kuna mabomba na nyaya zilizokwisha kulazwa ndani. Mwenye nyumba anaona ukuta mmoja. Mkandarasi anaona linta, mabomba, nyaya, vigae vilivyokwisha kukatwa, na fundi bomba aliyehamia kazi nyingine ambaye sasa lazima abembelezwe arudi.

Kwa hiyo swali la jioni lina bei. Tatizo ni kwamba anayeuliza haioni, na anayeulizwa anadhani inaonekana.

## Mambo matatu kwenye hati moja

Wenye mikataba ya kuigwa walilijua hili zamani. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani, AIA, katika masharti yake ya jumla ya ujenzi, kinataka badiliko liwekwe kwenye hati inayosainiwa na mwenye jengo, mkandarasi na msanifu, nayo itaje mambo matatu: kazi gani imebadilika, bei imepanda au imeshuka kwa kiasi gani, na muda umeongezeka au umepungua vipi. FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913, nalo lina utaratibu wake wa kuagiza mabadiliko na kuyapangia bei. Hata JCT, chombo cha Uingereza cha kuandaa mikataba ya ujenzi, iliyoundwa mwaka 1931 na inayojulikana zaidi kwa mikataba minene, ilikuja kutoa mkataba mfupi wa mwenye nyumba wa kawaida, na humo mabadiliko yana sehemu yake.

Katika yale mambo matatu, watu hukumbuka la kwanza na kubishania la pili. La tatu husahaulika kabisa. Ukuta unaobomolewa na kujengwa upya unakula siku, na siku hizo zisipoandikwa, mwezi wa mwisho mkandarasi anadaiwa fidia ya ucheleweshaji kwa kazi ambayo hakuiomba. Mkandarasi wa lile jiko alikuwa njiani kuingia kwenye shimo hilo, na kwenye hesabu zake zote alikuwa hajaandika siku hata moja.

Basi nikadhani nimepata jibu. Kifungu kimoja: hakuna badiliko lisilo na maandishi. Kwisha.

Jibu hilo lilidumu mpaka niliposoma kesi.

## Kifungu kinachojifuta chenyewe

Mwaka 1919, Benjamin Cardozo, jaji wa mahakama ya rufani ya New York, alieleza jambo ambalo mwenye nyumba angependa lisiwe kweli: waliofunga mkataba wanaweza kuufungua, na kifungu kinachokataza mabadiliko kinaweza kubadilishwa kama kifungu kingine chochote. Kwa maneno ya saiti: mkiandika kwamba kila badiliko lazima liandikwe, halafu kwa miezi mkawa mnabadilisha kwa mdomo na kulipana bila kelele, yupo jaji atakayesema hicho kifungu mmekiua wenyewe.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu huko iliamua kwamba watu wakikubaliana kutobadilisha mkataba wao kwa mdomo, makubaliano hayo yaheshimiwe. Kesi ilihusu ofisi ya kupangisha, wala si nyumba ya kujenga, ila kanuni ni ileile. Na hata hapo majaji waliacha mlango kwa mtu aliyeaminishwa na mwenzake kwa maneno na vitendo, akafanya kazi kwa imani hiyo.

Nchi mbili zinazosoma vitabu vya sheria vya ukoo mmoja, majibu mawili. Kilichonigusa ni kwamba katika zote mbili tabia inahesabiwa. Kifungu kinalindwa na anayekitumia siku ya badiliko la kwanza dogo, lile la swichi ya taa, ambapo kuandika kunaonekana kama kumdharau mtu.

## Bomba lisilotoka Reading

Huyo huyo Cardozo, miaka 2 baadaye, aliandika hukumu ambayo nadhani kila anayetaka kujenga angepaswa kusimuliwa kabla ya kuchagua rangi ya bati.

Kampuni ya Jacob & Youngs ilimjengea bwana mmoja aitwaye Kent nyumba ya shamba kwa gharama ya zaidi ya dola 77,000, pesa ya kutisha kwa wakati huo. Mkataba ulisema mabomba yote ya maji yawe ya kiwanda cha Reading. Nyumba ikaisha, Kent akahamia. Baadaye ikagundulika kwamba baadhi ya mabomba yalitoka viwanda vingine. Hayakuwa mabovu, yalikuwa na ubora uleule. Hapakuwa na ulaghai pia, ni uzembe wa mkandarasi mdogo aliyepewa kazi na kampuni. Msanifu akaagiza yatolewe. Lakini mabomba mengi yalikuwa yamezikwa ndani ya kuta, na kuyatoa kulimaanisha kubomoa sehemu kubwa ya nyumba iliyokwisha kukamilika. Kampuni ikakataa. Kent akazuia salio la dola 3,483.46.

Mwaka 1921 kampuni ilishinda, kwa kura 4 dhidi ya 3. Wengi walisema pale kazi imekamilika kimsingi na kasoro ni ndogo isiyo ya makusudi, fidia ni tofauti ya thamani kati ya nyumba iliyoahidiwa na iliyojengwa, na hapa tofauti hiyo ilikuwa kama hakuna. Wale 3 waliopinga walisema jambo rahisi: mtu aliagiza bomba la Reading, alikuwa tayari kulilipia, kwa nini asilipate?

Kila nikiisoma nabadilisha upande. Nikiwa nimeshinda na watu wanaojenga, nawaona wale 3 ndio wenye akili. Nikiwa nimetoka kuongea na wakandarasi, namwona Cardozo.

Somo la vitendo, hata hivyo, halitegemei upande. Ugomvi mzima ulizaliwa kwa sababu kuta zilifungwa kabla mtu hajatazama. Mkataba mzuri unataja kazi zinazofunikwa: nondo kabla ya zege, mabomba na nyaya kabla ya lipu, mteremko wa bomba la maji taka kabla ya kufukia. Mkandarasi anatoa taarifa kwamba sehemu hii iko tayari kukaguliwa. Akifunika bila kutoa taarifa, kufukua ni juu yake. Akitoa taarifa na mwenye nyumba asitokee, kisha baadaye akataka kufukuliwa na ikakutwa kazi ni safi, mikataba mingi inamtwisha mwenye nyumba gharama.

Kipande hicho cha mwisho wenye nyumba hawakipendi. Mimi nakipenda. Kinamtoa mtu nyumbani.

## Inchi tisa

Kisa cha bwawa la kuogelea kinaniuma zaidi, kwa sababu pale mwenye nyumba hakukaa kimya.

Stephen Forsyth, Mwingereza, aliagiza bwawa. Kazi ikiendelea akabadilisha mawazo: akataka kina cha juu kabisa kiwe futi 7 na inchi 6, akieleza kwamba yeye ni mtu mkubwa na anataka kupiga mbizi bila wasiwasi. Mkandarasi akakubali bila kuongeza bei. Bwawa lilipokamilika, kina chake kikubwa kilikuwa futi 6 na inchi 9, na pale pa kurukia kilikuwa pungufu zaidi.

Kulijenga upya kungegharimu pauni 21,560, zaidi ya bei ya bwawa lenyewe. Jaji wa kwanza alisema bwawa ni salama kwa kupiga mbizi, thamani ya nyumba haijapungua, na hakuamini kwamba bwana huyu angelijenga upya kweli. Akampa pauni 2,500 kwa kukosa raha aliyoitarajia. Mahakama ya Rufani ikasema apewe zote 21,560. Mwaka 1995 Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya mwisho huko wakati huo, likarudi kwenye 2,500.

Nilipoimaliza mara ya kwanza nilikasirika. Mtu kataja kipimo. Kataja na sababu. Bado kalipwa senti za kumpoza.

Lakini angalia hizo 2,500 zilitoka wapi. Hasara ya kuhesabika kwa thamani ya mali ilikuwa sifuri. Alichopewa ni kwa ajili ya raha, kwa sababu ilijulikana kwamba kina kile kilikuwa na maana kwake. Bomba la Kent lilikuwa jina tu kwenye karatasi. Mkataba haukueleza kwa nini liwe la Reading na lisiwe jingine. Tangu hapo naamini kwamba kama kuna kitu kwenye nyumba kina uzito usio wa kawaida kwako, andika na sababu yake. "Mlango wa bafu usipungue upana huu kwa sababu kiti cha magurudumu cha mama lazima kipite." Mkandarasi akiisoma hiyo, hata fundi wake hatapunguza mlango ili fremu aliyonayo stoo ienee.

Rafiki yangu wa lile jiko hakuwa ameandika popote kwamba chumba cha kulia ndicho alichokipenda kuliko vyote. Mkandarasi angejuaje? Yeye alimsikia mama mwenye nyumba akitamani jiko.

## Pesa

Hapa sitakawia, maana ndipo kila mtu anapoanzia.

Kwa bei ya jumla, mkandarasi anabeba hatari ya hesabu zake mwenyewe, kwa hiyo anaweka akiba ndani ya bei, au anasubiri mabadiliko yako ayapangie bei nono. Kwa gharama halisi pamoja na asilimia yake, hatari ni yako, na kila risiti iwe wazi. Ukinunua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi ufundi tu, wewe ndiye mkandarasi, hata kama hujui. Saruji ikichelewa, vibarua waliokaa bure ni mzigo wako.

Awamu zifungwe kwenye kazi iliyokamilika na kukaguliwa, zisifungwe kwenye tarehe. Ila na mkandarasi naye ana watu wa kuwalipa kila wiki, na anayeandika awamu tatu tu, kubwa kubwa, anamlazimisha kujenga nyumba yako kwa pesa ya mteja mwingine, au ya mteja mwingine kwa pesa yako. Awamu nyingi ndogo zinawalinda wote wawili. Kisha kuna sehemu inayozuiwa, mara nyingi asilimia 5 au 10, nusu yake hutoka nyumba ikikabidhiwa na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, miezi 6 au 12, nyufa na mivujo ikishajitokeza na kurekebishwa.

Na kuna mstari unaoitwa kiasi cha kukadiria. Vigae, taa, makabati, vyote ambavyo hamjavichagua, vinawekewa pesa ya kukisia. Mwenye nyumba anausoma akiwa na vigae vya ndoto zake kichwani, mkandarasi ameuandika akiwa na vigae vya bei ya chini kichwani. Mstari huo ni ule ukuta wa jiko uliosogezwa mapema, kabla hata msingi haujachimbwa.

## Kama hakuna atakayeshtaki

Wasiwasi wangu mkubwa ulikuja baadaye. Tuseme kweli: ni wangapi watakwenda mahakamani kwa ajili ya ukuta? Wakili na muda vitakula kuliko ukuta wenyewe. Yule rafiki na mkandarasi wake hatimaye waligawana gharama nusu kwa nusu, kila mmoja akiamini amemsaidia mwenzake. Mkataba haukufunguliwa tena. Kama mwisho wa yote ni kugawana, karatasi ni ya nini?

Yapo mahali ambapo sheria yenyewe hubeba kilichosahaulika. Sheria za Hammurabi, karibu miaka 3,800 iliyopita, zilisema nyumba ikianguka na kumuua mwenyewe, aliyeijenga auawe. Ukuta ukiyumba, aliyejenga auimarishe kwa fedha yake. Ufaransa, tangu Kanuni ya Kiraia ya mwaka 1804, imewawajibisha wajenzi kwa miaka 10 pale jengo linapoharibika kwa ubovu wa ujenzi, hata ubovu wa ardhi yenyewe, na sheria ya mwaka 1978 ikaongeza bima ya lazima. Misri nayo ina miaka 10 katika kanuni yake.

Lakini ona sheria hizo zinazungumzia nini: kuanguka, kuyumba, kuharibika. Hakuna hata moja inayojua jiko lilitakiwa liishie wapi.

Kwa hilo mmebaki na karatasi yenu, na nimekuja kuona kwamba kazi yake kubwa inafanyika kabla ya kusainiwa. Mkikaa kujaza nafasi ya "mabadiliko yataagizwa na nani", mume na mke wanatazamana. Wanagundua hawajawahi kuamua. Mkandarasi anauliza kama ujumbe wa simu unatosha au anataka saini. Mtu anasema ujumbe unatosha, mradi una bei na siku na jibu la "nimekubali". Hapo hapajatokea ugomvi, hapajaja wakili, na ukuta mmoja umeokoka.

Wapo wanaosema kuandika kila kitu kunaua udugu. Wakandarasi niliowauliza, wale wazuri, walisema kinyume: mteja anayewatisha ni yule anayewaambia "tuaminiane tu".

## Na mwenye nyumba akinyamaza?

Mkandarasi mmoja nilimwonyesha kifungu nilichokuwa nimekiandika, nikijivunia kidogo. Hakuna badiliko bila maandishi, bei na siku vitajwe, pande zote zikubali. Akakisoma mara mbili, akasema ni kizuri, ila kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kusimama saiti saa mbili asubuhi na mafundi sita.

"Ramani haionyeshi soketi za jiko zikae urefu gani," aliniambia. "Nakutumia ujumbe. Hujibu. Nisipoendelea, nalipa watu wamekaa. Nikiendelea, nimebadilisha bila maandishi. Sasa niambie, bosi, hapo nifanye nini?"

Kwa hiyo kifungu kimepata nusu ya pili. Mkandarasi akiuliza swali kwa maandishi, mwenye nyumba anajibu ndani ya siku mbili za kazi. Asipojibu, muda wa mradi unaongezeka, na ujira wa waliosimama kwa sababu ya swali hilo unalipwa na mwenye nyumba. Nimewaonyesha wenye nyumba watatu wanaojiandaa kujenga. Wote walipenda nusu ya kwanza. Wawili waliniomba niifute ya pili, na yule wa tatu anataka siku mbili ziwe saba.